Mkojo wa Kaka Zake

Karatasi ya maabara ilisema wanaume wa Houmalei hawaugui. Thelathini na mmoja, wote wamevuka miaka sitini, wawili wamegonga themanini, na hakuna hata mmoja aliyekutwa na protini kwenye mkojo. Figo za vijana wa kidato cha nne, zote, katika kijiji ambacho hakimalizi mwaka bila kumzika mtu aliyevimba miguu.

Dokta Kalolaine aliisoma mara tatu, akavua miwani, akaifuta kwa pindo la sketi, akaisoma ya nne. Kosa alikwisha kulifanya. Muhtasari ulikuwa umeshafika Auckland kwa Profesa Hartnell, na profesa alikuwa amejibu kabla chai haijapoa. Aliandika kwamba dunia nzima inatafuta siri ya kuzeeka na figo zilizo salama, na kumbe siri iko Vava'u, visiwani Tonga. Kwamba anamwekea nafasi ya kusema kwenye mkutano mkubwa kule Brisbane. Hata jina la mada alishalitunga mwenyewe: Kijiji cha Figo za Dhahabu.

Wazungu hupenda dhahabu. Wakija kwetu huiona hata kwenye mkojo.

Wanawake arobaini walikuwa wameleta chupa zao kwa mikono yao, wakicheka njia nzima, wakichokozana nani kajaza na nani kabana, na tisa kati yao walikutwa na protini. Hiyo ndiyo Houmalei alikozaliwa yeye. Lakini za wanaume zililetwa zote siku moja, ndani ya kapu la makuti, zimefunikwa jani la mgomba kama samaki wa mchungaji. Kalolaine alipozipanga dirishani aliona zina rangi moja, utadhani chai iliyomiminwa kutoka birika moja.

Tena kulikuwa na miguu ya Penisimani.

Penisimani ndiye kaka yake mkubwa, wa kwanza kati ya watoto tisa, na Kalolaine ndiye kitinda mimba. Ana miaka sitini na moja. Pasaka iliyopita, watu wakiwa wanatoka kanisani, alivua ndara kukung'uta mchanga, na Kalolaine aliyekuwa nyuma yake akaona kamba ya ndara imeacha mfereji mguuni. Mfereji ule haukufutika mpaka walipofika kwenye lango. Daktari wa figo akiona hivyo hahitaji darubini. Wala hakuweza kumuuliza. Kaka na dada wakishakua hawalali nyumba moja, hawataniani, na neno la chini ya kitovu likitamkwa mmoja wao akiwapo, mwingine huinuka akaenda zake. Na kaka ni neno refu kwa Watonga. Mtoto wa baba mdogo ni kaka, mjukuu wa ndugu wa babu ni kaka, hata yule ambaye undugu wake lazima akaulizwe mtu mwenye umri mkubwa, naye ni kaka.

Akigundulika sasa, vidonge vya presha na chakula kingine vitamshikilia miaka na miaka. Akichelewa, mashine ya kusafisha damu haipo kisiwani, na ng'ambo iliko mtu hukaribishwa akiwa na nguvu za kuchuma matunda yao, siyo akiwa na miguu iliyovimba. Kwa hiyo Kalolaine alitaka kitu kimoja tu kutoka kwa utafiti wake wote: mkojo wa kweli wa Penisimani, mapema.

Kalolaine hasahau, ni maradhi ya ukoo. Juni 1979, akiwa na miaka sita, walikuja wazungu watatu na meza ya kukunja. Waliwapanga watu wazima foleni nje ya ukumbi wa kanisa, wakawatoa damu, wakampa kila mmoja pakiti ya biskuti, wakapanda meli. Hawakurudi. Baba yake aligawa zile biskuti kwa watoto, yeye akalamba makombo. Miaka saba baadaye alikufa amevimba, anajikuna mpaka ngozi inatoka, na hakuna aliyejua kilichomuua kinaitwaje. Mwaka 1998, katika maktaba ya chuo huko Auckland, Kalolaine alifungua jarida kuukuu akakikuta kijiji chake ndani ya jedwali. Mwanaume namba 46, miaka arobaini na mitatu, mkulima, kidole cha shahada cha mkono wa kushoto hakipo: figo zimeanza kuharibika. Kidole kile cha baba yake kilikatwa na panga shambani, na ndicho kisiki Kalolaine alichokuwa akikishikilia alipokuwa anajifunza kutembea.

Walijua. Waliandika, wakachapisha, wakapanda vyeo, na namba 46 akaachwa aendelee kula walichotuletea kwa makontena: mbavu za kondoo zilizo mafuta matupu, ambazo kwao hawampi hata mbwa, na nyama ya kopo yenye chumvi ya kutosha kuhifadhi maiti. Siku ile maktabani Kalolaine aliapa kwamba akija kupima watu wake, hakuna atakayekuwa namba. Ndiyo maana kwenye kila chupa aliandika jina la mwenyewe, kamili, kwa mkono wake, kwa wino usiofutika.

Akaziacha chupa dirishani, akaenda kijijini.

Wifi yake Seini, mke wa Penisimani, alikuwa kwenye banda la kupondea magome pamoja na wanawake wengine sita, wanatengeneza kitambaa cha harusi. Nyundo za mbao zilikuwa zinagonga kwa zamu juu ya gogo. Kalolaine akaketi, akachukua nyundo naye, maana pale mtu haendi kukodoa macho.

"Wifi," alisema baada ya kupiga kidogo, "zile chupa za wanaume nani alizijaza?"

Nyundo zote zikanyamaza kwa mpigo mmoja.

"Zilijazwa," alisema Seini. "Ulitaka zijazwe, zikajazwa. Mnasomeshwa hivyo na bado hamridhiki?"

"Zina rangi moja."

"Ni ukoo mmoja."

Mama mnene wa pembeni akajifunika uso kwa gome ili asicheke, akashindwa, na wote wakashindwa pamoja naye. Walipokwisha kufuta machozi, Seini akaweka nyundo chini.

"Hebu jiulize mwenyewe, wifi. Unampelekea kaka yako chupa. Umeiandika jina lake. Unataka aende nyuma ya nyumba afanye mambo yake, kisha aitembeze barabarani mpaka mkononi mwako, na wewe uiinue uitazame juani. Penisimani alipoiona aliifunika kwa kofia. Hakula mchana."

"Nilimtuma muuguzi azigawe. Sikukanyaga pale."

"Kuandika aliandika nani? Mwandiko wako anaujua tangu unajifunza a na e. Si yeye aliyekushika mkono?"

Kalolaine akapiga gome mara moja, akaacha. Majina yale yalikuwa fahari yake. Aliyaandika ili kumfuta namba 46, na kumbe kwa kila jina alilochora alikuwa anamvua nguo kaka mmoja.

"Basi wakakaa kuzunguka bakuli la kava," Seini aliendelea, "wakajadili kama wabunge. Kukunyima hawawezi, wewe dada. Kukupa hawawezi, wewe dada. Mpaka mmoja akakumbuka kwamba Uaisele kaoa tu hapa. Yeye ni shemeji yako."

"Uaisele peke yake? Chupa thelathini na moja?"

"Siku tatu. Walimkalisha, wakamnywesha kava na madafu kama mgeni wa mfalme. Siku ya pili alitaka kukimbia, wakamwimbia."

Kalolaine alicheka mpaka nyundo ikamponyoka. Kisha akainuka kwenda kumtafuta huyo shujaa.

Uaisele, miaka sabini na minne, mzaliwa wa kisiwa cha mbali cha Niuafo'ou, alikuwa anapalilia viazi vikuu kwenye mteremko ambao vijana hulalamika kuupanda.

"Shemeji," alisema bila kuinua mgongo, "umekuja kunishukuru?"

"Nimekuja kukukamata."

"Kwa kosa gani? Nimekitumikia kijiji. Mchungaji mwenyewe hajajitolea hivyo."

"Umewaponya watu thelathini kwenye karatasi, Uaisele. Wakianza kufa niwaandike nini?"

Mzee akasimika jembe. Mzaha ukamtoka usoni polepole.

"Penisimani hakutaka," alisema. "Alisema bora mwambieni dada kwamba nimesafiri. Wenzake wakamwambia, utasafiri wapi na miguu hiyo. Ndiyo akanyamaza." Akafuta jasho. "Asubuhi siku hizi anatapika, shemeji. Hilo hujalisikia kwangu."

Kalolaine alimpigia profesa simu pale pale shambani, mtandao ukiwa mzuri kwenye mteremko kuliko mjini. Akamwambia hakuna kijiji cha dhahabu. Kuna mtu mmoja. Akaeleza. Profesa akauliza kwa sauti ndogo:

"Huyo mtu mmoja, ana miaka sabini na minne?"

"Ndiyo."

"Anakula nini?"

Uaisele, aliyekuwa ametega sikio, akajibu kwa mbali kwamba anakula viazi vyake na samaki, na mbavu za kondoo zinamtia kichefuchefu tangu meli iliyomleta. Kalolaine hakutafsiri.

Profesa hakuwa mtu mbaya. Alisema basi jambo ni jepesi, atakuja yeye wiki ijayo kukusanya mikojo ya wanaume mwenyewe, kwa kuwa yeye si dada wa mtu. Na kweli ingekuwa rahisi. Wangempa, tena kwa tabasamu, kama baba zao walivyotoa mikono mwaka ule. Kalolaine alitazama chini kijijini, bati la kanisa likimeta.

"Asante, Profesa," alisema. "Meza ya kukunja tulishaiona."

Akakata simu, na hapo ndipo akili ikamjia ya kwenda kwa Shangazi Lupe.

Shangazi Lupe, miaka themanini na minne, ni dada mkubwa wa marehemu baba yake. Kwa wanaume wote wale thelathini, na kwa wake zao na watoto wao, hakuna mtu juu ya shangazi. Akiingia nyumbani kwa mtoto wa kaka yake akasema mkeka huu naupenda, mkeka unakunjwa. Akimtazama nguruwe mara mbili, nguruwe kashakwenda. Na mwenye nyumba hushukuru. Kalolaine alimkuta barazani anacheza karata peke yake, na hata hivyo anaiba.

"Nimekuona, Shangazi."

"Umeona nini? Mzee akivuta karata ya chini ni macho hafifu. Kaa."

Kalolaine akaeleza, kwa kuzungukazunguka. Shangazi aliacha azunguke mpaka achoke.

"Kwa kifupi unataka nikawaombe mkojo."

"Nataka uwaamuru, Shangazi."

"Nimechukua nguruwe kwa watoto wale. Nimechukua mikeka, nimechukua farasi mara moja, nikamrudisha kwa sababu anauma. Mkojo sijachukua." Alikusanya karata, mabega yakimtikisika. "Baba yako angekuwa hai angejificha chini ya kitanda. Haya. Lakini kwa masharti yangu. La kwanza, wewe usionekane. La pili, jina lisiandikwe."

"Shangazi, jina sitaliacha. Unajua kwa nini."

"Najua. Mimi ndiye niliyemwosha baba yako." Shangazi akachanganya karata. "Kila mmoja atachagua alama yake, hizi tunazochora kwenye vitambaa. Samaki, nyota, popo, ua la mkadi. Atanitajia mimi peke yangu. Wewe utanipa majibu kwa alama, mimi nitayapeleka kwa mwenyewe."

"Na wewe utazikumbuka zote thelathini na moja?"

Shangazi akaanza kuwataja, mmoja mmoja, nani alizaliwa usiku wa kimbunga kipi na nani alitanguliza miguu, na alipofika wa kumi na nane Kalolaine akainua mikono.

"Kwa hiyo," alisema, "nisijue ipi ni ya Penisimani."

"Usijue."

"Mimi ndiye daktari."

"Na yeye ndiye kaka. Namba 46 aliuawa na watu waliojua wakanyamaza, mwanangu. Mimi hunijui? Nimewahi kunyamaza lini?"

Kalolaine akaenda kutafuta chupa mpya.

Alhamisi asubuhi Shangazi Lupe alijifunga mkeka wa heshima kiunoni, akawekewa kiti mlangoni mwa ukumbi wa kanisa, akatuma neno kwamba shangazi ana haja. Wakaja. Walikuja na mashati ya Jumapili, wengine na fimbo, wakajipanga bila kutazamana. Kila mmoja aliinama, akanong'ona alama yake, akapewa chupa, akaenda nyuma, akarudi ameificha kwenye mkunjo wa nguo, akaiweka miguuni pa shangazi kama mtu anayeleta kiazi kikuu cha kwanza cha msimu. Wa nne alirudi na chupa tupu, akasema haiji. Shangazi akamwambia akae kwenye jua na madafu mawili, ana siku nzima, na yeye amekuja na karata zake.

Kalolaine hayo yote alisimuliwa. Mwenyewe alikuwa amefungiwa kwenye banda la magome, ambako wanawake walipiga nyundo kwa nguvu kuliko haja ya kitambaa, ili dada mtu asije akasikia hata mlio. Kila nyundo zikilegea, Seini alikuwa akisema, "Pigeni, mmoja huyo anaenda," na zinaanza upya. Kitambaa cha harusi siku hiyo kilikuwa chembamba kuliko vyote vilivyowahi kutengenezwa Houmalei.

Safari hii kapu lilifika na chupa za kila rangi ya chai, ya rangi, ya maziwa na ya jana. Kalolaine alifurahi kuziona kama mtu aliyepokea barua. Akapima. Saba zilikuwa na protini. Sita kidogo, za kurekebishika kwa mtu kusikia ushauri. Ya saba, Popo, ilikuwa mbaya. Muuguzi wa kiume kutoka visiwa vya Ha'apai, asiye na undugu na mtu, alikwenda kuwatoa damu wote saba sebuleni kwa shangazi, na Ijumaa majibu yakatoka: Popo amebakiwa na figo chini kidogo ya nusu.

Chini ya nusu si mwisho. Kwa vidonge, kwa kuacha chumvi na yale mafuta, nusu hiyo inaweza kumfikisha mtu kwenye umri wa Shangazi. Lakini lazima Popo akubali, tena wiki hii, na wangapi amewaona Kalolaine wakisema ndiyo dokta, ndiyo dokta, kisha wakaenda nyumbani kula kama jana. Akaandika kila alama na maelezo yake, akafunga vidonge kwenye vifurushi saba, akampelekea Shangazi. Shangazi alipokea, akasoma kwa muda mrefu, uso wake haukusema kitu. Kalolaine alimtazama kope, alimtazama midomo.

"Nenda kwenu ukapumzike," alisema Shangazi.

Siku mbili alitembea na Popo kichwani. Alipika akaunguza. Aliona popo mtini akageuza uso. Huenda Popo ni Penisimani, naye amepatikana kwa wakati. Huenda Popo ni mwingine, na kaka yake yumo kati ya wale waliosafika, ila kwa miguu ile haiwezekani, labda tena amempa mtu amjazie. Hilo la mwisho ndilo lililomnyima usingizi.

Jumapili baada ya ibada kulikuwa na karamu ya mchungaji, meza ndefu uwanjani, vyakula vimetoka kwenye tanuri la shimoni, mvuke unapanda. Mbavu za kondoo zilikuwa zimefungwa kwenye majani ya magimbi na tui, na harufu yake, tuseme ukweli, ni tamu. Ndiyo mtego wenyewe. Wanaume upande ule, wanawake upande huu. Penisimani alikaa katikati ya wenzake, viatu vimefungwa kamba kwa kulegezwa.

Mchungaji alipomaliza sala, Shangazi Lupe hakukaa. Alizunguka meza na bakuli tupu mkononi, taratibu, nyuma ya migongo ya wanaume. Kwa mmoja alisimama, akatoa kopo la nyama lililokuwa mbele yake, akaliweka bakulini. Kwa mwingine akachukua soda. Hakuna aliyeuliza; mwenye kuchukuliwa aliinamisha kichwa na kusema asante. Sita, Kalolaine alihesabu. Alikuwa ameshika kijiko na hajakipeleka kokote.

Shangazi akafika nyuma ya Penisimani. Akamwekea mkono begani. Akainama, akachukua kifungu chote cha mbavu, jani na tui lake, akakitia bakulini. Akachukua na cha pili, ambacho Seini alikuwa amekiweka karibu. Meza ikapunguza sauti. Penisimani aliitazama sahani yake, imebaki na kiazi na kipande cha samaki. Halafu akanyoosha mkono, akasogeza kichupa kilichokuwa mbele yake mpaka ukingoni mwa meza.

"Shangazi," alisema kwa sauti ya kusikika hadi upande wa wanawake, "umesahau chumvi."

"Nilikuwa nangoja unipe mwenyewe," alisema Shangazi. "Na asubuhi?"

"Asubuhi nimemeza. Muulize mke wangu, amesimama juu yangu kama polisi."

"Kwa hiyo huyu mama sasa atakula nyama za wanaume saba?" akauliza Uaisele kutoka mwisho wa meza.

"Nimepimwa kabla yenu wote," alisema Shangazi, akikaa na bakuli lake. "Safi kama maji ya kisima. Lakini leo nyama hizi ni za mbwa. Zilikuwa zao tangu mwanzo."

Kicheko kilianzia kwa wazee kikavuka meza. Penisimani alikuwa anacheka ameinama, hakumtazama dada yake, wala dada yake hakumtazama yeye. Kila mmoja alicheka akiwa amegeukia sahani yake. Kalolaine akagundua kijiko bado kiko hewani na ana njaa ya siku mbili. Akamwambia Seini ampitishie samaki, na kiazi, na lile sufuria la mboga lililo mbali, lote.